Kazimoto wa Kichwamaji: kaharibiwa na falsafa au na nyumbani kwao?

MamaCherehani
Habari zenu wapenda vitabu. Nimemaliza riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, nilikuwa naisoma dukani wateja wakipungua. Nina swali, ila tafadhali msinijibu kwa lugha ya mitihani. Kila ninayemuuliza ananiambia Kazimoto, mhusika mkuu, ni mwanafalsafa, kasoma Chuo Kikuu, kaona maisha hayana maana, kajiua. Basi. Mimi nimesoma habari za kaka ambaye dada yake, Rukia, kapewa mimba na Manase, mtu wanayemjua tangu utoto, sasa mkubwa serikalini. Rukia anakufa, mama naye anakufa. Halafu huyu Kazimoto anakaa anawaza habari za Mungu! Hiyo si falsafa. Hicho ni kilio cha mwanamume aliyekatazwa kulia.

Mwl_Mstaafu
Mama, hoja yako ina nguvu, lakini usiifukuze falsafa mlangoni. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasomea seminari kabla ya Chuo Kikuu, na kitabu kikatoka 1974. Aliyepita seminari hachezei swali la Mungu. Mtazamo huo wahakiki wanauita udhanaishi, yaani falsafa ya kuuliza maana ya mtu kuwepo duniani, na Kazimoto angeuliza maswali yale hata Rukia angekuwa hai.

Mkerewe_wa_Dar
Mwalimu, shikamoo. Angeuliza, sawa, ila angemuuliza nani? Kijana anarudi likizo, wazazi wanamwona msomi, wanakijiji wanamwona mgeni, na mdogo wake Kalia anakua bila mtu wa kumshika mkono. Mle ndani kila mtu ana lake na hakuna anayesema. Kwetu visiwani jambo la binti kupata mimba lilikuwa la wazee kukaa chini, familia mbili, likaisha au likaharibika mbele ya watu. Hapa limebaki kichwani mwa mtu mmoja.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Ndiyo maana nasema vyote viwili.

MamaCherehani
Mwalimu, "vyote viwili" ni jibu la kuvunja kikao, hilo silipokei 😄. Tazama suala la Sabina. Ni dada yake Manase, na Kazimoto anamwendea kwanza kwa nia ya kulipiza: umeniharibia dada, nami nakuharibia wako. Kwa bahati anaishia kumpenda, wanaoana. Hesabu ya namna hiyo haitoki Chuo Kikuu, ni ya ukoo kwa ukoo, hata bibi yangu asiyejua kusoma angeielewa. Kisha anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, kama yule wa Manase, na bwana anachagua kuondoka.

Na Sabina? Kazaa, kazika mtoto, kazika mume. Yeye maisha yana maana gani kwake, mbona hakuna mhakiki anayemuita mwanafalsafa?

Mkerewe_wa_Dar
Anzisha uzi wake, mama. Nitachangia.