Virginia: G3 au FastForward kwa fundi viyoyozi?

Kisiki: Wakuu, shemeji yangu yuko Virginia, Marekani, anataka kusomea ufundi wa viyoyozi chuo cha jamii. Kasikia jimbo lina mipango miwili ya kusaidia ada: G3, na FastForward ya kozi fupi za vyeti vya kazi. Ipi ina unafuu? Usajili unafungwa wiki ijayo.

MamaNuru: Kaka, hujasema kitu. Ana Green Card (ukaazi wa kudumu) au viza ya F-1 ya mwanafunzi? Amekaa Virginia miezi 12? Kipato cha nyumba je? Akiwa na F-1 asahau zote mbili.

Kisiki: Green Card, mwaka wa pili Virginia. Mke anafanya kazi, watoto wawili.

Fundi_Bomba: Ajaze kwanza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Pell (ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo) ikishalipa ndipo G3 inamalizia ada na vitabu, mradi kipato kisizidi mara 4 ya kiwango cha umaskini na asome angalau krediti 6 kwa muhula. Mwenye Pell kamili (dola 7,395 kwa 2025/26) ada inaisha kabla G3 haijaguswa. Anachoambulia ni posho ya hadi dola 900 kwa muhula, tena awe mwanafunzi wa mzigo kamili (full-time). G3 inawafaa zaidi wa kipato cha kati wanaokosa Pell.

Dereva804: Viyoyozi vya nini? Achukue leseni ya lori kwa FastForward, wiki chache yuko barabarani.

MamaNuru: Lori tena! Na kipimo cha afya cha madereva cha DOT, idara ya uchukuzi? Presha ikiwa juu anarudishwa nyumbani.

KarimW: Ada ya FastForward inagawanywa mafungu matatu. Kozi ya dola 4,500, anatanguliza 1,500. Akimaliza na kupata cheti, mengine ni ya serikali. Akiishia njiani anadaiwa 1,500 nyingine.

Upande wa Pell, kuna kijana alibadilishiwa zamu kazini, akaacha masomo yote wiki ya 5. Chuo kikarudisha sehemu kubwa ya Pell, kikamtumia bili, kikamfungia usajili. Fedha hiyo inahesabiwa kwa siku: ukiacha kabla ya 60% ya muhula, iliyobaki si yako. Muhula wa wiki 16, mpaka huo uko wiki ya 10. Zamu zikibana, bora apunguze somo moja kuliko kuacha yote.

Dereva804: Ndiyo maana nasema lori.

Kisiki: Kipato cha mwaka gani sasa?

MamaNuru: FAFSA ya 2025/26 inatazama kodi ya 2023. Kama hawakujaza kodi pamoja, mke naye afungue akaunti yake ya FAFSA na kusaini.

Kisiki: Mh, walijaza kila mtu kivyake. Ngoja nimpigie.