Naomba ushauri: visigino vinanyanyuka nikichuchumaa na chuma

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Nainua vyuma kwenye jimu ya mtaani hapa Umoja, na kwa skwoti (kuchuchumaa na chuma kisha kusimama) bado mimi ni mgeni. Kutoka chuma kitupu cha kilo 20 hadi kilo 50 nilipanda bila shida, seti 3 za mara 5. Kilo 60 ndizo zimenikwamisha: mapaja yakikaribia kulala sambamba na sakafu, visigino vinanyanyuka, kifua kinainama mbele na mgongo ndio unaomaliza kazi. Magoti hayaumi, ila kiuno kinakaza kesho yake.

Nimejaribu kutanua miguu na kugeuza vidole nje kidogo; imesaidia nusu. Nikikanyagia visigino kwenye visahani vya chuma (vile vya uzito vinavyovikwa kwenye chuma) nashuka wima kabisa, lakini jamaa mmoja hapa (ana mapaja ya kuheshimika, kwa hivyo namsikiza) anasema huko ni kuficha ugumu wa vifundo vya miguu. Raba zangu ni za kukimbilia, soli laini.

Je, nirudi kilo 40 nirekebishe kwanza, au niendelee na visahani huku nikinyoosha vifundo? Halafu kisahani kidogo kabisa hapa ni cha kilo 2.5, yaani kila nikiongeza, kimoja kila upande, ni kilo 5 kwa mpigo. Wenye jimu kama hizi mnapandaje?