Meli kongwe za abiria katika maziwa yetu: zikarabatiwe au zipumzishwe?

Mtoa mada (Mwanza)

Ndugu zangu, naleta hoja inayozuka kila zinapotangazwa fedha za kukarabati meli: je, ni sawa kuendelea kuzifufua meli za abiria zilizoundwa enzi za babu zetu, au wakati umefika wa kuzipumzisha na kuunda mpya? Wapo wanaosema kwamba chuma kilichokaa majini miaka sitini hakiaminiki, kipakwe rangi kisipakwe. Wapo wanaosema kwamba meli kongwe zimekwisha kuthibitisha uimara wake, na kwamba kinachoziua ni kukosa matunzo. Nautaja msimamo wangu mapema ili nijibiwe waziwazi: umri wa meli haumwambii abiria kama atafika salama, na kadiri tunavyobishana juu ya mwaka wa kuundwa, ndivyo tunavyowaacha bila maswali wale wanaopaswa kutueleza meli ilipandishwa lini chelezoni, yaani mahali pa kuikagua na kuitengeneza nje ya maji, na ilikutwa na nini.

Tutazame kumbukumbu zetu wenyewe. MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa njiani kuingia Mwanza na kuondoka na roho za watu zaidi ya 800, haikuwa meli kongwe. Iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na siku ile ilikuwa haijatimiza hata miaka ishirini. Kivuko cha MV Nyerere kilianza kazi mwaka 2004, kikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa katika chombo kilichoruhusiwa kubeba abiria 101. Kwa upande mwingine, meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na ikaendelea kubeba watu wa Ziwa Tanganyika hadi ikavuka umri wa miaka mia moja. MV Victoria nayo ilianza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikakarabatiwa kwa takriban shilingi bilioni 22.7, na mwaka 2020 ikarudi katika njia ya Mwanza na Bukoba ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200.

Najua nitaulizwa kuhusu Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, kwa kuwa ile ilikuwa imeundwa mwaka 1967. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, watu waliokuwamo usiku ule walizidi mno idadi iliyoruhusiwa, na hakuna meli, mpya wala kongwe, inayoundwa ili ibebeshwe namna ile.

Sisi abiria tuna namna yetu ya kuipima meli, na wakubwa wasiidharau. Tunaona kutu inayomenyeka kwenye ngazi. Tunaona mlango wa dharura uliozibwa na magunia, na kabati la jaketi okozi lililotiwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu asiyejulikana alipo. Tunasikia harufu ya dizeli ikipanda kutoka chini, na vyoo vya daraja la tatu vinatuambia kama kuna mtu anayeikagua meli hii kila siku au la, kwa sababu meli ambayo msimamizi wake hashuki kwenda kuona vyoo haitoi matumaini kwamba kuna anayeshuka kwenda kuona ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya meli ambako maji hujikusanya. Lakini macho yetu yanaishia hapo. Unene wa bamba lililo chini ya maji hatuuoni, na ndiyo maana ukaguzi ukawekwa. Basi la mkoani hubandikwa stika kwenye kioo, na abiria yeyote anaweza kuisoma kabla ya kupanda. Kwa nini kwenye daraja la kupandia meli pasiwekwe bao linaloonyesha tarehe meli ilipopandishwa chelezoni mara ya mwisho, idadi ya abiria na tani zinazoruhusiwa, na kasoro zilizobaki pamoja na muda uliotolewa wa kuzirekebisha?

Mchangiaji wa kwanza (Kirando)

Ndugu mtoa mada, nakuunga mkono, ila naona umeizungumzia Liemba kama historia tu, wakati kwa sisi wa ukanda huu ilikuwa ndiyo barabara. Kati ya Kigoma na Mpulungu ya Zambia vipo vijiji vingi visivyo na gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali kidogo na ufuko, hata usiku wa manane, mitumbwi ikaja ubavuni, na watu, magunia ya dagaa, wagonjwa na watoto wakapandishwa kwa kushikana mikono. Ilikuwa hatari, nakubali. Lakini anayetaka meli hiyo ipumzishwe kabla mbadala wake haujaelea ajue kwamba watu hawataacha kusafiri. Watahamia kwenye maboti ya mbao yasiyo na orodha ya abiria, yasiyo na redio, na yanayokwenda kwa kutegemea hali ya upepo wa siku hiyo.

Meli hiyo hiyo ndiyo iliyorudisha makwao wakimbizi wa Zaire mwaka 1997, na mwaka 2015, Warundi walipojazana Kagunga, kijiji chenye milima nyuma na ziwa mbele, ndiyo iliyowachukua kuwapeleka Kigoma. Hakuna aliyeuliza umri wake wakati ule. Kwangu mimi, kila mwezi ambao meli ya ukanda huu inakaa bila kufanya kazi unapaswa kuhesabiwa pamoja na ajali za maboti zinazotokea katika mwezi huo, kwa sababu wanaokufa humo ni abiria waliokosa meli.

Mchangiaji wa pili (Bukoba)

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ninapinga, na ninapinga nikiwa mtu aliyempoteza mjomba katika MV Bukoba. Hoja ya mtoa mada imepangwa vizuri, na takwimu zake sizikatai, lakini ina pengo kubwa. Anasema tatizo si umri bali matunzo. Sawa. Sasa ni nani asiyejua kwamba meli inavyozeeka ndivyo inavyodai matunzo zaidi? Vipuri vya injini za zamani havipatikani dukani, inabidi vichongwe; nyaya zimechoka; mabomba yanavuja upande huu baada ya kuzibwa upande ule; na mafundi walioijua meli ile tangu ujana wao wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Ikiwa tulishindwa kuitunza meli ya miaka kumi na saba na kivuko cha miaka kumi na minne, tunapata wapi ujasiri wa kusema tutaiweza meli ya miaka sitini au mia moja?

Mtoa mada ameutumia ujana wa MV Bukoba kuzitetea meli kongwe. Mimi naona mfano ule unamhukumu. Siku ile majina ya abiria wa daraja la tatu hayakuwa yameandikwa, na hadi leo zipo familia ambazo hazijawahi kuliona jina la mtu wao katika karatasi yoyote. Nchi iliyowahi kuwa na utaratibu wa namna hiyo inapaswa kujipunguzia hatari kila inapoweza, na njia mojawapo ni sheria inayoweka ukomo wa umri wa meli ya abiria. Ukomo una faida moja kubwa: hauhitaji uaminifu wa mkaguzi. Tarehe ikifika, meli inatoka majini, na hakuna wa kumpigia simu mkubwa ili iongezewe mwaka.

Liemba iwekwe Kigoma iwe makumbusho, watoto wetu waione na wageni walipe kuingia. Heshima yake itakuwa kubwa zaidi hapo kuliko kuiombea dua kila inapong'oa nanga.

Mchangiaji wa tatu (fundi wa vyombo vya majini, Mwanza)

Naomba niingie kwa upande wa kazi yangu ya kuchomelea na kukarabati vyombo. Kwanza, maziwa yetu yana maji baridi. Chuma katika maji yasiyo na chumvi huliwa polepole sana kuliko chuma kilicho baharini, kwa hiyo kulinganisha miaka sitini ya Ziwa Victoria na miaka sitini ya Bahari ya Hindi si sahihi. Pili, meli haina umri mmoja. Liemba inayotajwa hapa ilitolewa injini zake za mvuke na kuwekewa za dizeli katika miaka ya 1970, ikafanyiwa matengenezo makubwa tena mwaka 1993, na mabamba yake mengi yamebadilishwa kwa nyakati tofauti. Tunapima unene wa bamba kwa kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya chuma bila kukitoboa. Bamba likishapungua kupita kiwango kilichowekwa, hukatwa na kuwekwa jipya. Kazi hiyo ikifanywa kikweli, mwaka wa kuundwa haukuambii mengi.

Neno langu ni hilo: ikifanywa kikweli. Kutu mbaya haikai mahali abiria anapopita. Inakaa ndani ya ngama, chini ya sakafu za vyoo na jikoni ambako maji hutuama, nyuma ya mbao za kuta za vyumba, na ndani ya matangi ambayo mtu huingia kwa kutambaa. Ukarabati unaoanza na rangi, viti na televisheni, huku sehemu hizo hazijafunguliwa, ni wa kutiliwa shaka hata kama meli inang'aa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa, nalo kwangu ni zito kuliko kutu. Meli inapokarabatiwa mara nyingi huongezewa uzito, tena juu: vyumba vipya, paa, vipoozahewa, matangi ya maji. Kila kilo inayopanda juu inaipunguzia meli uwezo wa kujirudisha inapolala upande. Ndiyo maana baada ya ukarabati mkubwa hufanywa jaribio la msawazo, ambapo uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine na mwinamo wa meli ukapimwa, kisha mahesabu ya mzigo na abiria yakafanywa upya. Idadi ya abiria iliyoandikwa kabla ya ukarabati haipaswi kurithiwa hivi hivi. Kwa hiyo kwenye bao lako, ndugu mtoa mada, ongeza mstari mmoja: tarehe ya jaribio hilo.

Mchangiaji wa nne (mfanyabiashara wa ndizi, Kemondo)

Mimi nina machache. Mnazungumzia meli mpya kana kwamba nauli zake zitabaki zilezile. Sisi wenye mizigo tunapanda meli kwa sababu tunaweza kukaa karibu na mikungu yetu kwa nauli tunayoimudu. Boti ya kwenda kasi hainisaidii. Na ukarabati wenyewe, kila ukitangazwa, picha zinazoonyeshwa ni za vitanda vya daraja la kwanza. Naomba siku moja tuonyeshwe daraja la tatu kwanza: mabenchi, vyoo, na mahali jaketi okozi zinapokaa. Huko ndiko waliko watu wengi.

Mtoa mada (Mwanza)

Nawashukuru nyote. Mwanangu wa Bukoba, pole kwa msiba ambao miaka haiuondoi, na hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Ni kweli kwamba meli kongwe inadai uangalifu zaidi, na kwamba sheria ya ukomo wa umri haihongeki kirahisi. Hofu yangu ni kile kitakachotokea kabla ya ukomo kufika. Meli ikishajulikana kwamba itaondolewa baada ya miaka mitano, ni nani atakayetia saini fedha za kubadilisha mabamba yake katika mwaka wa tatu? Abiria wa miaka ile ya mwisho watasafiri katika chombo ambacho kila mmoja amekwisha kukikatia tamaa. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 100, na nafurahi kwamba tunayo. Lakini siku ilipogusa maji ndiyo siku ilipoanza kuzeeka, na bajeti ya matunzo yake ya kila mwaka inanihangaisha kuliko sherehe za kuizindua.

Kwa hiyo nalipokea la ukomo kwa sharti moja, kwamba uwe ukomo wa cheti na usiwe wa umri peke yake. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zinazojulikana kama SOLAS, zinataka cheti cha usalama cha meli ya abiria iendayo nchi za nje kisizidi miezi kumi na miwili. Utaratibu huo uzibane meli zetu zote, na baada ya umri fulani upimaji wa unene wa mabamba ufanywe na mkaguzi asiyeajiriwa na mwenye meli, ripoti yake ikawekwa wazi bandarini. Meli ikishindwa, isimame siku hiyohiyo, iwe ya mwaka 1961 au ya mwaka 2023. Lile la makumbusho ya Kigoma sikubaliani nalo kwa sasa, na sababu yangu ni maelezo ya ndugu yetu wa Kirando: mpaka itakapokuwapo meli nyingine ya uhakika inayokwenda hadi Mpulungu, kuiweka Liemba nchi kavu kunawapa watalii picha na kuwapa watu wa vijijini mtumbwi.

La jaribio la msawazo naliongeza kwenye pendekezo, na la daraja la tatu pia. Sasa naomba wenye kujua watusaidie: katika bandari za Kemondo, Nansio, Kigoma, Kasanga na Mbamba Bay, je, kuna mahali popote ambapo cheti cha meli kimebandikwa abiria akakiona kabla ya kukata tiketi? Kama kipo, kimeandikwa tarehe gani, na kiko katika lugha gani?