Tupeane uzoefu: jirani mzee mkali na ujasiri asioutangaza

Mwanzisha mada, Moshi: Kila mtaa una mzee ambaye watoto wakimwona wanabadili njia. Salamu haitikii, geti limefungwa saa zote, kelele kidogo tu anafoka. Mnaowajua wazee hawa kwa karibu, tuelezeni: nyuma ya ukali ule kuna nini, na tuwasaidieje bila kuwavunjia heshima?

Muuguzi, Arusha: Angalieni kamba ya nguo. Bibi anayeanika mashuka kila alfajiri, hata Julai jua linapogoma kutoka, mara nyingi ana mgonjwa wa kitandani, pengine mzee wake aliyepata kiharusi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Anayefoka mchana kwa ajili ya muziki huenda ndiyo kwanza amepata usingizi. Geti hafungui kwa kuwa anamsitiri mumewe. Mimi huo nauita ushujaa.

Akikuruhusu kuingia, msaidie kunyanyua. Kunjeni shuka mara mbili, lipitisheni chini ya mgongo na makalio, kila mmoja ashike upande wake. Msimburute, msuguano huchuna ngozi. Kagueni visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni kidonda kinaanza. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, basi gusa uone kama pana joto au pagumu kuliko pembeni. Ondoeni uzito hapo, wala msipasugue. Wakati wa kula aketi wima, na abaki hivyo nusu saa asije akapaliwa.

Mkulima, Kibosho: Babu anayefukuza watoto kihambani, yaani kwenye shamba lake la migomba, hana roho mbaya. Ukingo wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ukikanyagwa, maji yanapotelea njiani na zamu yake ya maji inaisha migomba haijanywa. Zamu ikiangukia usiku anatoka na jembe na tochi, peke yake, watoto wake wako Dar. Mgomba wenye mkungu mzito huwekewa nguzo yenye panda upande unaoinamia. Ni kazi ya watu wawili, yeye anaifanya mmoja. Nendeni siku ya zamu, mumuulize: "Shikamoo babu, tufungulie wapi?" Aamue yeye.

Mhudumu wa afya, Moshi: Asiyeitikia salamu huenda hakuisikia. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba. Simama mbele yake akuone mdomo, sema polepole kwa sauti nzito. Ukipiga kelele maneno yanazidi kuvurugika. Nta ya masikio ikaguliwe hospitali kwanza, maana njiti za pamba huisukuma ndani zaidi.