Vipengele vya mikataba vinavyojirudia tuviite vipi?

Karani, Tabora Mjini
Ndugu zangu, habari za kazi. Ofisini kwetu tunaandaa mikataba ya pango, ya ajira na ya kusafirisha tumbaku ya vyama vya msingi, na vipengele vinavyojirudia tumevihifadhi kwenye folda moja ili visiandikwe upya kila mara. Tatizo ni majina: tuna "notisi mpya", "notisi mwisho" na "notisi mwisho kabisa", na hakuna anayeweza kusema ipi ndiyo sahihi bila kuzifungua zote. Wenzetu mnafuata utaratibu gani?

Mwandishi wa mikataba, Kasulu
Ndugu Karani, kipeni kila kipengele jina la kazi yake, si la mteja wala la mkataba kilikotoka. Chukua hiyo hiyo notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi na siku 4 kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki, isipokuwa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, ambapo ni siku 7. Hivyo ni vipengele vitatu, na majina yasipovitenganisha, kibarua wa ghalani atasainishwa kisichomhusu. Sisi tunaanza na jambo kubwa, kisha dogo, kisha hali: ajira-notisi-mwezi, ajira-notisi-kutwa, ajira-notisi-mwanzo. Vikipangwa kwa alfabeti, vya ajira vinakaa pamoja.

Mtunza masijala, Ujiji
Naunga mkono, ila ongezeni tarehe ya kuidhinishwa, mkianza na mwaka: 2024-12-01. Mkianza na siku, 01-12-2024 itatangulia 15-03-2019, kwa kuwa kompyuta hupanga majina ikisoma kuanzia kushoto.

Mwandishi wa mikataba, Kasulu
Ni kweli. Namba za vifungu vya sheria, hata hivyo, zisiingie kwenye jina kabisa. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ilipofuta ile ya zamani, faili lililoitwa migogoro-usuluhishi lilihitaji kurekebishwa ndani tu, ilhali lililobeba namba ya kifungu lilianza kupotosha tangu kwenye jina lake.

Karani, Tabora Mjini
Nashukuru sana. Matoleo ya zamani tuyafute?

Mtunza masijala, Ujiji
Msiyafute. Yahamishieni kwenye folda ya yaliyoondolewa, na majina yake yabaki yalivyo, kwa sababu mkataba uliosainiwa 2018 ukizua mgogoro leo, mtahitaji kujua maneno yake yalitoka kwenye toleo lipi.