Naomba ushauri: soko la matangazo ya redio Pemba, liwe moja au mawili?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna hoja redio za jamii za kaskazini Pemba (Wete, Micheweni) na za kusini (Chake, Mkoani) ziuze matangazo kama soko moja.

Shaka yangu ya kwanza ni mitambo. Vilima vyetu vinakata FM, na kutoka wati 500 hadi 1,000 unapata desibeli 3 tu, yaani usikivu unaongezeka kidogo; bora kuinua antena. Minara miwili ikirusha masafa mamoja bila kuoanishwa kwa saa ya setilaiti (GPS), walio katikati watasikia mkoromo. Kwa hiyo naona masafa mawili yabaki, kipindi kimoja kipitie intaneti au mikrowevu (mawimbi ya kutoka mnara hadi mnara).

Mwenye duka Konde hatalipia wasikilizaji wa Mkoani, lakini kampuni ya simu inataka kisiwa kizima. Basi bei ziwe mbili, na kila kituo kiweke matangazo yake wakati wa mapumziko. Ya vifo yaende kote, jamaa wametapakaa.

Mapato ya pamoja yagawiwe kwa dakika zilizorushwa, au kwa wasikilizaji (nani atawahesabu)? Na mkataba uandikweje ili kila kituo kibaki na leseni yake?