Mhusika mkuu wa kike: nimchukue mwenye sauti au mwenye jina?

Pazia_Jekundu:
Wakuu, habari zenu. Tunarudisha jukwaani tamthilia ya muziki ya zamani, moja ya zile kubwa za Broadway, kumbi kubwa za New York. Usaili umekwisha na kwa nafasi ya mhusika mkuu wa kike wamebaki wawili. A ana sauti safi, ni mtu wa kwaya, ila akianza kuigiza mikono yake haijui pa kukaa. B anajulikana mjini, anaigiza mpaka unasahau uko kwenye usaili, lakini akipanda juu sauti inakuwa nyembamba. Ijumaa natangaza jina. Nani achukue?

Mwalimu_wa_Kwaya:
Ndugu, hapo hujauliza kitu. Tamthilia ipi? Ukumbi una viti vingapi? Wanavaa vipaza sauti au wanaimba kavu? Maonyesho mangapi, na kwa siku ngapi? Kinanda kimoja au bendi? Na huko "juu" ni wapi? Sally Bowles wa tamthilia ya Cabaret na Christine wa The Phantom of the Opera wote ni wahusika wakuu wa kike. Sally anaweza kuwa mwimbaji wa kawaida na onyesho likasimama, tena wapo wanaosema ndivyo inavyotakiwa, maana kilabu anachoimbia chenyewe ni cha hovyo. Christine asiyefika ile nota ya mi ya juu kabisa hana kazi pale.

Taa_za_Mbele:
Mimi sihitaji maelezo. Chukua B. Hello, Dolly! iliporudi Broadway 2017, watu walimfuata Bette Midler, na alikuwa ameshapita miaka 70. Hakuna aliyekwenda kuhesabu nota. Na walijipanga: kuanzia Juni, Jumanne jioni aliingia Donna Murphy, Midler akapumzika. Jina linajaza viti, wa zamu anabeba mzigo.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Mfano wako unanisaidia mimi, mkuu. Dolly ni nafasi ya sauti ya chini. Carol Channing aliyeianza 1964 alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza. Pale haiba inatosha. Sasa mpe Dolly huyohuyo nyimbo zilizotungwa kwa sauti ya kwanza uone.

Nyota_Kilindini:
Anayetaka kujua jina bila sauti linaishia wapi aisome habari ya tamthilia ya Funny Girl ya 2022 tangu mwanzo mpaka mwisho, maana watu huwa wanasimulia nusu.

Tamthilia ile ilianza 1964 na Barbra Streisand, na kwa miaka karibu 60 haikurudishwa Broadway, kwa sababu nyimbo zilikuwa zimeshaganda kwenye koo la mtu mmoja. Hatimaye wakairudisha, na nafasi ya mhusika mkuu, Fanny Brice, akapewa Beanie Feldstein. Ni mchekeshaji mzuri, na Fanny ni mchekeshaji, kwa hiyo mantiki ilikuwepo. Wakafungua Aprili 24 katika ukumbi wa August Wilson. Wahakiki wengi wakasema jambo lilelile: ucheshi upo, sauti haitoshi. Kwenye tuzo za Tony, zile kubwa za Broadway, onyesho zima likapata uteuzi mmoja tu, wa Jared Grimes, mchezaji wa viatu vya kugonga. Juni wakatangaza kwamba Feldstein ataondoka Septemba 25. Julai yeye mwenyewe akaandika kwamba ataondoka mapema, Julai 31, kwa sababu waandaaji wameamua kushika njia nyingine. Siku iliyofuata likatangazwa jina la Lea Michele.

Watu wanapenda kuishia hapo: Michele akaingia Septemba 6, wiki nyingine mapato yakapita dola milioni 2, mwongozaji yuleyule, mandhari ileile. Lakini kati ya hapo mwezi mzima wa Agosti aliyebeba onyesho ni Julie Benko, aliyekuwa wa akiba. Na Michele hakumaliza hata wiki, akakutwa na korona, Benko akarudi jukwaani. Tena Alhamisi walikuwa wameshampa ziwe zake rasmi. Kwa hiyo kabla hujaniuliza A au B, mimi nakuuliza: wa akiba ni nani?

Taa_za_Mbele:
Na Lea Michele si jina? Umenithibitishia mwenyewe.

Nyota_Kilindini:
Ni jina lenye sauti. Huyo hayupo kwenye orodha ya mwenye mada.

Pazia_Jekundu:
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni My Fair Lady, nafasi ya Eliza, yule muuza maua maskini anayefundishwa na Profesa Higgins kuongea kama mtu wa tabaka la juu. Tuko Nairobi, ukumbi wa viti 320. Maonyesho sita kwa siku nne: Alhamisi na Ijumaa jioni, Jumamosi mawili, Jumapili mawili. Kinanda na wapigaji watano. Vipaza sauti vya kubandika tunavyo vinane. Mazoezi wiki nane. Haki tumeshalipia.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Sasa tunaongea. Sita kwa siku nne, na manne yako ndani ya siku mbili. Hiyo ni ratiba mbaya kuliko ya Broadway, wao wanapiga manane kwa wiki nzima. Onyesho linachukua karibu saa tatu. Mtu akimaliza la mchana Jumamosi hana hata saa mbili za kunyamaza kabla ya la jioni.

Eliza si sauti moja. "Just You Wait" inatoka kifuani, ni hasira na makelele. "I Could Have Danced All Night" ni sauti ya kichwa na inamalizikia sol ya juu, ya kushikilia. "Show Me" ni kasi na maneno, pumzi haipo. Mwenye kifua peke yake ataumia ya pili. Mwenye kichwa peke yake, ya kwanza itatoka kama wimbo wa Jumapili.

Waite wote wawili tena kabla ya Ijumaa. Usiwape kinanda na kusimama. Waanze na mwisho wa "The Rain in Spain", wacheze ile ngoma ya kurukaruka na Higgins na rafiki yake Pickering mpaka waishiwe pumzi, kisha mazungumzo mafupi, halafu moja kwa moja "I Could Have Danced". Kwenye tamthilia ndivyo zilivyofuatana. Wengi wanaofika sol wakiwa wametulia hawaifiki wakitoka kucheza. Sikiliza mstari wa mwisho: kidevu kikinyanyuka na shingo ikikaza, nota hiyo Jumapili haitakuwepo. Warudie mara mbili, kisha waambie waje kesho yake asubuhi waimbe tena. Sauti ya kesho yake ndiyo unayoiajiri.

Mama_Maleba:
Mwalimu kaongelea koo tu. Mtihani wa Eliza uko mwanzo wa sehemu ya pili, na haimbi hata neno. Wamerudi kutoka dansini, wanaume wanapongezana kwenye "You Did It", wanaimba kana kwamba kazi wameifanya wao. Eliza yuko palepale, kimya, dakika kadhaa, hakuna anayemtazama. Hasira yote ya baadaye, hadi kurusha zile ndara, inapikwa kwenye kimya hicho. Mwimbaji asiyejua kuigiza atasimama kama anasubiri zamu yake, na ndara zikiruka watu watacheka. Msimamishe A pale, wengine waimbe, umwangalie. Mikono isiyojua pa kukaa utaiona vizuri sana.

Sauti_ya_Pili:
Kwa nini hakuna anayesema kushusha ufunguo? Shusheni nota mbili, B anafika, kazi imekwisha.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Kwanza, ruhusa. Mikataba ya haki huwa hairuhusu kugusa muziki bila kibali cha maandishi, na kibali kinaweza kuchukua wiki. Pili, karatasi za wapigaji zinakuja kwenye ufunguo uliochapishwa. Mwenye kinanda cha umeme atabonyeza kitufe, mpiga klarineti atabaki anakuangalia. Tatu, "I Could Have Danced" ina Bi Pearce, msimamizi wa nyumba ya Higgins, na watumishi wanaoimba juu yake. Ukishusha, na wao wanashuka, mpaka wengine wananung'unika badala ya kuimba. Nusu nota au moja, sawa. Mbili, unaufanya wimbo wa furaha uwe wa kubembeleza mtoto.

Kijana_wa_Pleibeki:
Jamani si mrekodi tu? B aigize, A aimbe nyuma. Hata filamu yake walifanya hivyo.

Nyota_Kilindini:
Filamu ndiyo onyo lenyewe. Julie Andrews alikuwa Eliza wa Broadway tangu 1956. Jack Warner, mkubwa wa kampuni ya filamu, akamwacha kwa kuwa hakuwa na jina sinema, akamchukua Audrey Hepburn, na nyimbo nyingi zikaimbwa na mwimbaji wa nyuma, Marni Nixon. Filamu ikazoa tuzo nane za Oscar, Hepburn hakuteuliwa hata kugombea, na mwaka huohuo Andrews akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Mary Poppins. Rex Harrison naye alikataa kabisa kufuatisha midomo, wakamficha kipaza sauti ndani ya tai aimbe palepale. Jukwaani ni vibaya zaidi. Higgins akichelewa nusu sekunde, kanda haimsubiri.

Fundi_Mitambo:
Usiombe kanda, omba betri mpya kila mapumziko. Swali la sauti nyembamba linategemea pia kipaza sauti unakibandika wapi. Ukiweka kwenye mpaka wa nywele, paji la uso, sauti inasikika vizuri mpaka Ascot, ile sehemu ya mbio za farasi. Pale anavaa kofia pana. Ukingo wa kofia unarudisha sauti, unapata mlio wa ndani ya ndoo, na akiinamisha kichwa kofia inagonga kichwa cha kipaza. Mbandikie shavuni karibu na sikio tangu mwanzo, kwa plasta ya rangi ya ngozi, waya upite nyuma ya shingo. Pakiti ya betri na mawimbi ikae pajani, si kiunoni, gauni la dansi lina mgongo wazi. Na mfungie kipaza cha pili kabisa, jasho linaua hizi vitu. Ila nisieleweke vibaya: kipaza sauti kinakuza kilichopo. Sauti nyembamba inakuwa nyembamba kubwa.

Bibi_Thamesi:
Salamu kutoka London. Mfano ulio karibu zaidi na wako ni My Fair Lady ya National Theatre, 2001. Eliza alikuwa Martine McCutcheon, nyota wa televisheni, jina kubwa Uingereza nzima. Aliugua, akakosa maonyesho mengi sana, hata Jonathan Pryce aliyekuwa Higgins akawa anatania watazamaji jukwaani juu ya Eliza wa leo. Lakini 2002 McCutcheon huyohuyo alipewa tuzo ya Olivier, ile kubwa ya jukwaa la London. Halafu 2003 ikachukuliwa tena na Joanna Riding, kwa nafasi ileile, onyesho lilelile. Huyo hakuwa wa televisheni, alikuwa wa jukwaa. Kwa hiyo B anaweza kuwa mzuri sana siku anayokuwepo. Hesabu ni siku ngapi.

Taa_za_Mbele:
Hapo mnachagua ushahidi. Audra McDonald alipocheza Rose, mhusika mkuu wa tamthilia ya Gypsy, 2024, wapo waliolalamika kwamba sauti yake ni ya soprano na Rose ni wa kifua, tangu Ethel Merman alipoianza 1959. Sauti bora Broadway nzima, na bado watu hawakuridhika. Aliwashika kwa uigizaji.

Bibi_Thamesi:
Alikuwa na vyote viwili, ndugu yangu. Tena akashindwa Tony na Nicole Scherzinger wa Sunset Boulevard, mwimbaji wa kundi la pop! Jina au sauti, hapo utaweka wapi?

Taa_za_Mbele:
Jina.

Mama_Maleba:
Sauti. Ile "As If We Never Said Goodbye" huibebi kwa jina.

Mtaa_wa_Gikomba:
Swali jingine. Kwa nini Eliza wa Nairobi aseme Kikokni, Kiingereza cha mtaani London? Mfanyeni muuza maua wa City Market anayeongea Sheng, Higgins awe mwalimu wa Kiswahili sanifu. Hapo B atawaua watu kwa kicheko.

Nyota_Kilindini:
Wazo tamu, lakini si kwa haki walizolipia, maneno hayaguswi. Njia ipo: achana na nyimbo, rudi kwa Pygmalion ya Bernard Shaw yenyewe, tamthilia ambayo My Fair Lady imetoka. Shaw alifariki 1950, na sheria ya Kenya inalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo hiyo iko huru, igeuze unavyotaka. Lerner, mwandishi wa maneno ya My Fair Lady, alifariki 1986 na Loewe, mtunzi wa muziki, 1988. Nyimbo zao subiri.

Mtaa_wa_Gikomba:
Na mwisho mnaufanyaje? Ule wa 2018 New York, Eliza anaondoka zake na neno halijaongezwa hata moja.

Mama_Maleba:
Huo ndio mwisho. Ule wa zamani, Higgins akitaka ndara zake, sitaki kuusikia.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Jamani Ijumaa inakuja. Pendekezo langu: A na B wote, kwa zamu. B afungue Alhamisi, gazeti na picha ziwe zake, achukue Ijumaa na Jumamosi jioni. A achukue Jumamosi mchana na Jumapili yote. Gharama ujue: seti mbili za maleba, na kila mmoja anapata nusu ya mazoezi na Higgins. Wiki nane zinatosha kama wa pili anakaa chumbani na daftari muda wote mwenzake anapofanya.

Mama_Maleba:
Na usisahau ndara jozi mbili. Za kurusha zinachanika.

Pazia_Jekundu:
Asanteni sana. Nimewaita wote Jumatano kwa ule mtihani wa ngoma na sol. Kitu kimoja sikusema: B ni mtangazaji, yuko hewani redioni kila siku ya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Mwalimu_wa_Kwaya:
Na hilo ndilo umeacha mpaka leo? Kwa hiyo anaimba Alhamisi usiku mpaka saa nne, alfajiri ya Ijumaa anaongea saa tatu mfululizo kwenye kipaza sauti, na Ijumaa usiku anataka sol. Achukue likizo ya wiki hiyo kwa maandishi, au mtihani wa Jumatano hauna maana.

Pazia_Jekundu:
Nitamuuliza. Pia mfadhili amenipigia sasa hivi, ana mpwa wake anaimba.

Fundi_Mitambo:
Sol anafika?

Taa_za_Mbele:
Mpwa wa mfadhili hafanyiwi usaili, mkuu. Huulizwa tu anavaa saizi gani.